Na Kisha? Kwa Nini Hadithi Zetu Wenyewe Zinatulalisha

Jumamosi moja umeme ulikatika hapa Nsambya tukiwa katikati ya Siku Njema. Tuko na nakala moja tu, jalada lake lilishatoka zamani, na tunaisoma kwa sauti, kwa zamu, wakubwa na wadogo pamoja. Giza lilipoingia tukasema basi, tufunge, kila mtu aende kwao kabla mama hajaanza kupiga simu. Wadogo wakakataa kabisa. "Yaya, usifunge! Mulika na simu! Na kisha ikakuwa aje?" Tukamaliza sura kwa simu iliyobaki na asilimia sita.

Wiki iliyofuata tulisoma kijitabu kingine. Hicho kiliandikwa na vijana kama sisi, wakimbizi, kwenye semina ya siku tatu. Ndani mna bunduki, kijiji kinachochomwa, msitu, mpaka unaovukwa usiku. Kwa hesabu ya hatari kinaishinda Siku Njema mbali sana. Lakini kufika ukurasa wa nne mtoto mmoja alikuwa amelala, na mwingine anauliza kama chapati zimefika. Mmoja wetu ni kati ya walioandika kile kijitabu. Alicheka, lakini ilimuuma.

Tumebishana juu ya hilo mwezi mzima, kwenye WhatsApp na njiani tukirudi. Haya ndiyo tuliyofikia.

Wengi wanafikiri taharuki, yaani ile hali ya moyo kudunda ukingoja kitakachofuata, inaletwa na hatari. Ongeza risasi, ongeza damu, msomaji atashikwa. Sisi tunasema hapana. Taharuki inaletwa na mtu anayetaka kitu, na sisi tunaosoma tunajua anakitaka kiasi gani.

Angalia hiyo Siku Njema. Ken Walibora, mwandishi Mkenya aliyefariki 2020, aliitoa mwaka 1996. Kijana anakulia Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu, kisha mama anakufa. Baba hamjui. Anaambiwa yuko Kenya, basi anaondoka kumtafuta. Yaani ni hivyo tu. Tena kijana mwenyewe ndiye anayesimulia, kwa hiyo tangu mwanzo tunajua hakufa njiani. Na bado tunaogopa. Tunaogopa asimpate baba, au ampate na baba asimtake. Kwenye kikundi chetu wako watoto ambao hawajui baba zao wako wapi. Hao ndio waliokataa kwenda nyumbani ile Jumamosi.

Chukua tena The Hunger Games, ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008. Wengi wetu tuliiona filamu kabla ya kusikia kuna kitabu. Ukiuliza mtu, atakumbuka ule uwanja, watoto 24 wanalazimishwa kuuana. Lakini rudi mwanzo. Jina linaloitwa si la Katniss, ni la mdogo wake, Prim. Katniss anajitolea aende badala yake. Kabla ya mshale wowote kurushwa uwanjani, tumeshajua anataka kurudi kwa nani. Ondoa yule mdogo wake, uanze moja kwa moja na uwanja: utabaki na vita tu. Na vita, samahani, sisi tumeshaviona.

Hapa Kampala tuko na walimu wengine wa mambo haya, ma-VJ wa vibanda vya video. Mtu kama VJ Jingo hafanyi kazi ya kutafsiri filamu kwa Kiluganda tu. VJ mzuri anaweza kukuambia mapema kwamba yule mwenye koti ni msaliti, wakati shujaa bado anamchekea. Ungefikiri ameharibu filamu. Kumbe hapo ndipo kibanda kizima kinaanza kumpigia shujaa kelele ageuke! Alfred Hitchcock, yule mtengeneza filamu wa Uingereza, alieleza jambo hilohilo kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watazamaji wasipojua kuna bomu, likilipuka wanashtuka sekunde chache, imeisha. Wakijua, hata maongezi ya kawaida pale mezani yanawatesa. Kile kijitabu chetu kilitushtua karibu kila ukurasa. Hakikutuacha hata mara moja tumuogopee mtu.

Sasa swali gumu: kwa nini tuliandika vile? Sisi si wajinga, na mambo tuliyoandika ni ya kweli.

Tunaona kwamba tumefundishwa. Wengi wetu, mara ya kwanza kuhadithia maisha yetu mbele ya mgeni ilikuwa ofisini. Meza, kompyuta, mkalimani. Ulitoka lini? Nani aliwashambulia? Walikuwa wangapi? Mlipita njia gani? Tunaelewa kwa nini wanauliza, faili linataka hivyo. Na nyumbani wakubwa wanakuonya: usiongeze, usipunguze, usijifanye mjanja, sema tu walichokufanyia. Ukirudia hadithi hiyo mara tano, inakuwa ndiyo hadithi yako. Na ndani yake wewe ni mtu wa kufanyiwa tu. Unapigwa, unafukuzwa, unapokelewa, unaandikishwa. Hakuna nafasi ya kusema kwamba siku mliyokimbia ulirudi ndani kuchukua viatu vya mpira, kwa sababu ulikuwa umechaguliwa kwenye timu ya shule. Kwa faili, viatu havina maana. Kwa hadithi, viatu ndivyo vinatuambia wewe ni nani.

Basi tukipewa kalamu kwenye semina tunaandika faili tena, halafu tunashangaa watoto wanalala.

Dada yetu mmoja hakubaliani nasi, na tulimwahidi tutaandika maneno yake. Anasema taharuki ni mchezo wa watu wenye usingizi mzuri. Mtu aliyengoja miaka saba simu ya kumwambia kama atasafiri, kwa nini kitabu nacho kimngojeshe? Anasema pia kwamba kuchukua kifo cha mtu wa kweli na kukipanga vizuri ili msomaji asisimke ni dhambi.

Kwa hilo la pili tunamuunga mkono. Vifo vya watu wetu si pilipili ya kutia kwenye mchuzi. Kwa hilo la kwanza, tunaona tofauti. Ukingoja ile simu, hujui nani anaamua wala ataamua lini. Ukingoja ndani ya kitabu, mwisho upo, na kurasa unazigeuza wewe kwa mkono wako. Labda ndiyo maana watoto walitaka sana kumaliza ile sura.

Na anayefikiri bila bunduki hakuna hadithi, asikie hii. Mdogo wetu wa miaka 14 alituletea ukurasa mmoja na nusu, kwa penseli. Msichana anauza vitenge na mama yake, wanazunguka mitaani. Cherehani ya mama imeshikwa na mwenye nyumba kwa ajili ya deni la kodi. Msichana anataka kuikomboa bila mama kujua, kwa hiyo kila siku anaficha shilingi 500 ndani ya foronya ya mto wake. Siku moja ametumwa sokoni peke yake. Huku nyuma, mama anaona jua ni zuri, anaamua kufua foronya zote.

Akaishia hapo. Chumba kizima kikapiga kelele. "Mama atafikiri ameiba! Atampiga kabla hajaeleza!" Mwandishi wetu akakunja karatasi, akasema itaendelea Jumamosi.

Kwa hiyo tunawaomba wanaoendesha semina na kuchapisha vijitabu vya sauti za wakimbizi: msianze kwa kumuuliza kijana kilichompata. Hilo tumeulizwa sana. Muulizeni mtu wake kwenye hadithi anataka nini, na ni nani au nini kinamzuia. Mambo yaliyotokea yataingia yenyewe, mahali pake.

Na sisi kwa sisi tumekubaliana: kabla ya kuandika hadithi yoyote, tunaandika kwanza sentensi moja yenye neno "anataka". Kama sentensi hiyo haitoki, hadithi bado.

Yule mwenzetu wa kijitabu ameanza yake upya. Kijiji bado kinachomwa, hawezi kudanganya. Lakini sasa ukurasa wa kwanza unaanza na viatu.

Jumamosi tunasoma sura mbili za Siku Njema, kisha tunajua habari ya ile foronya. Njoo na simu yenye chaji.