SINDANO YA MWEZI MMOJA

Mgonjwa aachapo dawa, watu husema ni mzembe. Sisi twaona kwamba mara nyingi amepiga hesabu. Kibarua wa kutwa atakiwaye kurudi zahanati kila mara hupoteza ujira na hulipa nauli, na nyumbani watoto wamngoja.

Kwa sababu hiyo yatupasa kuuangalia vema ufundi ambao watengenezaji wa dawa wameutumia tangu miaka ya 1980. Dawa hufungwa ndani ya chembe za polima, nyembamba kuliko unywele, kisha chembe hizo hudungwa mwilini kwa sindano. Polima itumiwayo zaidi hutokana na asidi mbili: asidi laktiki, ile iupayo mtindi uchachu wake, na asidi glikoliki, ambayo hupatikana pia katika maji ya miwa. Maji ya mwili huzila chembe polepole, dawa ikachuruzika kidogo kidogo, na mwisho polima yenyewe hugeuka kuwa maji na ile hewa tuitoayo puani. Hakuna haja ya kumpasua mtu ili kuitoa. Kipimo cha asidi hizo kikibadilishwa, muda wa dawa hurefuka au hufupika.

Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya namna hii ya leuprorelini kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Waliokuwa wakidungwa kila siku wakawa wanadungwa mara moja kwa mwezi. Mwaka 2003 ikafuata ya risperidoni, ya kila majuma mawili, kwa wagonjwa wa skizofrenia. Ipo dosari isiyofaa kufichwa: dawa ikisha kudungwa haitoki, hata ikimdhuru mgonjwa. Ndiyo maana mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa vidonge vya risperidoni.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza leuprorelini katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini orodha haimdungi mtu. Kuiga chembe hizi ni kazi ngumu: sharti ziwe za ukubwa ule ule, zisiwe na kijidudu hata kimoja, na zitoe dawa kwa mwendo ule ule mwezi mzima. Waigaji ni wachache, na bei i juu.

Tusikimbilie kusema kwamba miwa tunayo Kilombero, basi kiwanda kijengwe kesho. Ni kweli sukari ikichachushwa hutoa asidi laktiki, ila kutoka hapo mpaka kwenye sindano safari ni ndefu, na kwanza yahitaji vijana waliosomea kazi hiyo. La kufanywa sasa liko karibu zaidi. Bohari ya Dawa, iliyoundwa mwaka 1993, inapoipima bei ya sindano hizi, isiilinganishe na bei ya kidonge peke yake. Ihesabu pia nauli na siku za kazi zinazookolewa. Na vyama vya wafanyakazi, vinapokaa na waajiri kuandikiana mikataba ya matibabu, viulize kama sindano hizi zimo.