Msamaha wa Mungu Haumfutii Mtu Deni la Jirani



Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye dua ya kumpokea mtumishi mstaafu aliyekuwa amerejea kutoka Hija. Ilikuwa mwezi wa Julai, na wanaoijua Mbeya wanajua baridi ya Julai. Tulikaa chini ya turubai, pilau ikapita, kisha ustadhi akasimama kutoa mawaidha. Alisema kwamba mwenyeji wetu sasa ni safi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Watu wakaitikia kwa takbira.

Karibu nami alikaa mama mmoja mjane, jirani wa siku nyingi wa familia ile. Hakuitikia. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe umesoma. Na shamba langu je, nalo limesafishwa huko Makka?" Baadaye alinieleza kwa maneno machache. Mumewe alipofariki, shamba lao liliandikwa jina la mtu mwingine, na muhuri uliogongwa kwenye karatasi ile ulikuwa mikononi mwa huyu tuliyekuwa tukimwombea dua.

Siku ile sikumjibu. Nilitazama sahani yangu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa, na ninaliandika hadharani kwa sababu maradhi aliyoyagusa mama yule si ya nyumba moja. Ni maradhi ya ofisi zetu, ya siasa zetu na, nasema kwa masikitiko, ya mimbari zetu.

Uislamu haukuliacha jambo hili gizani. Wanazuoni wamegawa haki katika mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyeacha sala akatubia, anamwendea Mola aliye mwingi wa rehema, na jambo lake liko baina yake na Mola wake. Lakini aliyemdhulumu mtu ana mdai wa pili. Imamu Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ameeleza kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikiwa inamhusu binadamu mwingine, linaongezeka sharti la nne: kumrejeshea mwenye haki haki yake, au kumwendea akaridhia kusamehe. Sharti moja likikosekana, toba haijatimia. Huu si msimamo wa watu wakali wa pembezoni. Ni somo la madrasa.

Tena Mtume (S.A.W.) aliliweka wazi kwa njia isiyomwachia mtu pa kujificha. Amepokea Muslim kwamba shahidi, aliyetoa roho yake katika njia ya Mungu, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na amepokea pia habari ya muflisi wa umma huu: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake, mwingine alimwaga damu yake. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe, kisha atwikwe madhambi yao. Tazameni vizuri: muflisi huyo alikuwa mtu wa ibada. Hakuangamia kwa uvivu wa kusali.

Najua watakaonijibu. Watasema ninaifunga milango ya rehema ya Mungu, ambaye amejitangaza kuwa msamehevu wa dhambi zote. Watanitajia yule muuaji wa watu mia moja ambaye malaika wa rehema walimchukua. Sibishani na rehema ya Mungu. Sina mamlaka hayo wala sitamani kuwa nayo. Wapo wanazuoni wanaosema kwamba Mungu anaweza kumridhisha mwenye haki kutoka katika hazina Yake na kumwokoa mdhulumu aliyetubia kwelikweli huku hana uwezo wa kulipa. Lakini hata hapo, mwenye haki ameridhishwa. Haki yake haikupuuzwa. Na hilo ni tegemeo la asiyeweza. Mstaafu mwenye nyumba tatu na shamba la mtu hawezi kulitegemea. Yeye anaweza. Asipolipa, anachokiita matumaini ni ujeuri.

Siku hizi tumebuni njia ya mkato. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, au mtu akijiandaa kwenda Hija, simu zetu hujaa ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu mia tatu: kama nimekukosea kwa namna yoyote, naomba unisamehe. Ni desturi njema kwa makosa ya ulimi na ya hasira. Lakini aliyechukua kiwanja anajua amechukua kiwanja gani, cha nani na mwaka gani. Ujumbe kwa watu mia tatu ni namna ya kumkwepa mtu mmoja.

Sasa nivuke ua wa nyumba ile, kwa kuwa dola nayo hudhulumu na dola nayo hupenda kusamehewa kwa jumla.

Hapa mkoani Mbeya, katika wilaya ya Mbarali, bonde la Usangu limekuwa uwanja wa kilio kwa takriban miaka 20. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo kwa upande wa Iringa ndiyo fahari ya utalii wa kusini. Mwaka 2017 ukaidhinishwa mradi wa REGROW wa kukuza utalii huo, kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia. Wanavijiji wakapeleka malalamiko mazito kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo: mauaji, vipigo, ng'ombe kukamatwa. Aprili 2024 benki ikasimamisha utoaji wa fedha, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafikia kikomo.

Mimi si hakimu, na sitatoa hukumu juu ya tuhuma moja moja. Ninachouliza ni hiki: mradi umefungwa, je, madai ya watu nayo yamefungwa? Aliyepoteza ng'ombe amerudishiwa ng'ombe? Familia inayodai imepoteza mtu imesikilizwa ikaridhika? Tunajua kulinda maji ya Mto Ruaha Mkuu ni maslahi ya taifa, na mimi siupingi uhifadhi. Lakini maslahi ya taifa hayahalalishi mali ya mtu. Mtume alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye akarudi akitenga sehemu na kudai ni zawadi aliyopewa, Mtume alipanda mimbari akaonya: anayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, ngamia akiguruma, ng'ombe akilia, kondoo akibweka kwa sauti yake. Onyo lile halikumlenga jambazi wa njiani. Lilimlenga mtumishi wa umma. Kila askari, kila mtendaji na kila mnada wa mifugo iliyokamatwa unapaswa kulisikia.

Twende Iringa. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, polisi walipokuwa wakitawanya mkusanyiko wa chama cha siasa. Julai 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wapo wanaosema hapo ndipo habari ilipoisha. Kwa mtazamo wa haki za waja, haikuisha. Qur'ani, hata katika mauaji ya bahati mbaya, imeamuru fidia ikabidhiwe watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiiachilia kama sadaka. Yaani kusamehe ni haki ya familia. Si haki ya kamanda, si ya waziri, wala si ya kiongozi wa dini anayealikwa kwenye kikao cha amani. Wala dini ya marehemu haibadilishi kitu. Mtume aliahidi kusimama yeye mwenyewe kumtetea asiye Mwislamu aliyedhulumiwa chini ya mkataba wa Waislamu.

Ndiyo maana kila ninapomsikia mkubwa akisema "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," huuliza kwanza: anayesema ni nani? Akisema mjane, nitamheshimu, kwa kuwa anatoa kilicho chake. Akisema aliyegonga muhuri, anagawa mali ya mtu mwingine. Na wahenga haohao walisema dawa ya deni ni kulipa.

Watu wa Iringa wanalielewa hili kuliko wengi. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, na Wahehe walilisubiri mpaka 1954. Hakuna aliyewaambia watosheke na dua. Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Alifanya jambo moja sahihi: aliwaendea wenye haki katika ardhi yao. Lakini aliyeomba radhi huku kilichochukuliwa bado kiko kwake amefika nusu ya njia. Tukimwambia Mjerumani hivyo, na tunapaswa kumwambia, basi tuwe na ujasiri wa kuambiana hivyohivyo sisi kwa sisi, kutoka Mbeya hadi Dodoma.

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi matatu.

Kwa masheikh na maustadhi: msimpe mtu cheti cha usafi msichokuwa na mamlaka ya kukitoa. Mnapokumbusha fadhila za Hija, kumbusheni na sharti la nne katika pumzi hiyohiyo. Na tajiri akileta saruji ya msikiti, mwulizeni imetoka wapi. Mungu ni mzuri na hapokei ila kilicho kizuri.

Kwa watumishi wa umma: mali ya umma ina wenyewe, na aliyeichukua toba yake inapita hazina ya serikali. Mwenye haki akiwa amefariki, warithi wake wapo. Kutowajua ni udhuru kwa aliyewatafuta tu.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati: msiruhusu neno maridhiano litumike kabla neno haki halijatamkwa. Ulizeni kila mara nani amelipwa, amelipwa nini, na nani amemwuliza kama ameridhia.

Na kwako mama, niliyekuacha na swali lako chini ya turubai: hapana, shamba lako halikusafishwa Makka. Bado ni lako. Mwenye dua ile yu hai, nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwako, na kilichobaki kwake ni kutembea.