Kabla Ubeti Tena, Chonga Dadu Yako Mwenyewe

Wasee, leo nasema kitu ambacho wengine wenu hamtakipenda. Kama unabeti, na najua wengi wetu tunabeti, nakuomba jambo moja kabla uweke soo ingine: tafuta mbao, utengeneze kisanduku cha dadu kwa mikono yako. Mimi nilitengeneza changu Desemba iliyopita, na hicho ndicho kilinitoa kwa kubeti. Mahubiri hayakunitoa. Hata machozi ya mathe hayakunitoa.

Nianze na aibu yangu. Mwisho wa semesta niliketi nikahesabu meseji zangu za M-Pesa moja moja. Nilikuwa nimetuma shilingi 11,400: wikendi kwa mechi, usiku kwa lile gurudumu la kwa simu. Zilizorudi zilikuwa 7,150. Yaani 4,250 zilienda hivyo tu, na hiyo ni rent ya keja yangu ya mwezi mzima. Na muda huo wote nilikuwa naambia watu, "Sina bahati tu siku hizi."

Sasa kisanduku. Mchezo wenyewe kwa Kiingereza unaitwa Shut the Box. Sisi nyumbani tunauita Funga Boksi. Ni boksi la mbao lisilo na kifuniko, ndani kuna vibao tisa vimesimama, namba 1 hadi 9. Unarusha dadu mbili. Ukipata 8, unalaza kibao cha 8, ama 5 na 3, ama 1, 2 na 5, bora jumla iwe 8. Ukikwama, unahesabu vibao vilivyobaki vimesimama. Mwenye kubaki na jumla ndogo ndiye mshindi. Na ukishalaza 7, 8 na 9, unaruhusiwa kurusha dadu moja pekee. Kumbuka hiyo sheria, tutairudia.

Vipande vya saipresi nilinunua kwa fundi wa fanicha kando ya Ngong Road, yale mabaki ambayo huishia jikoni. Waya wa kushikilia vibao ni spoku ya baiskeli iliyokufa. Sakafu ya ndani nilibandika sweta yangu ya kijani ya primary, ndiyo dadu zisipige kelele. Gundi na msasa nikanunua kwa hardware. Jumla haikufika 500.

Nilimwambia fundi, "Mzee, hii si ni boksi tu?" Akacheka. "Boksi ni kona nne, kijana. Ukikosea moja, ya mwisho itakuambia." Kweli, kona yangu ya nne iliacha mwanya ambao shilingi ishirini ingeingia. Nikarudia mara tatu.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa dadu. Unakata kipande cha mraba cha sentimita 2 kila upande, unapiga msasa, unatoboa vidoti. Pande zinazotazamana lazima zijumlishe 7: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kwa dadu ya pili niliharibu upande wa sita, vidoti vikakaa vibaya. Nikausugua wote na msasa hadi mashimo yakaisha, nikatoboa upya. Hapo nilikuwa nimepunguza karibu milimita mbili. Ukiiangalia haraka huoni kitu.

Usiku mmoja, kwa kuboeka tu, nikairusha mara 120 nikiandika kwa daftari. Dadu sawa ingenipa kila namba karibu mara 20. Yangu ilinipa sita mara 31 na moja mara 28. Ilikuwa imekuwa bapa kidogo, kwa hivyo ilipenda kulala kwa zile pande mbili pana.

Nilifaa kuitupa. Sikuitupa.

Krismasi makazo wakakuja. Tukacheza Funga Boksi, ishirini ishirini kila raundi. Nilikuwa nikihakikisha vibao vya 1 na 6 vimebaki mwisho, halafu wakati wa dadu moja, nachukua ile mbovu. Jioni hiyo nilikula 340 za kazo wangu wa form two. Pesa yake ya likizo. Hakunishuku hata kidogo. Alisukuma boksi, akasema, "Leo sina bahati tu."

Manze, nilinyamaza. Hayo yalikuwa maneno yangu ya semesta nzima. Yeye alidhani anapambana na bahati, kumbe alikuwa anapambana na aliyechonga dadu.

Nilimrudishia pesa nikamwonyesha daftari. Alikasirika siku mbili, na alikuwa na haki.

Sasa nielewe vizuri. Sisemi kwamba michezo ya kwa simu ina dadu mbovu. Ninachosema ni kibaya zaidi: haihitaji dadu mbovu. Chukua lile gurudumu la kawaida lenye sufuri moja. Lina nafasi 37, lakini ukishinda kwa namba moja unalipwa kana kwamba ziko 36. Weka 100 kwa kila nafasi, utakuwa umetoa 3,700. Moja lazima ishinde, na unarudishiwa 3,600. Gurudumu halijadanganya mtu, na bado soo imeenda. Mimi nilihitaji msasa kumla kazo. Wao wameweka ile milimita mbili ndani ya sheria ya mchezo.

Utaniambia mpira si dadu, mpira ni akili. Sawa. Fungua mechi yoyote, utafute mahali wameweka 1.85 huku na 1.85 kule. Mtu mmoja aweke 100 upande huu, mwingine 100 upande ule. Jumla 200 zimeingia, na mshindi anachukua 185. Hizo 15 ni za nani? Akili yako yote ya mpira lazima kwanza ilipe hizo 15 ndiyo ianze kukufaidi.

Wengine watasema kuwapa watoto dadu ni kuwafunza kamari. Mimi naona kinyume. Kwetu sasa tunacheza bila pesa, anayeshindwa anaosha vyombo. Na kazo wangu, kabla ya kucheza na mtu yeyote, anachukua dadu kwanza, anaipima kwa rula, anairusha mara kadhaa. Hakuna mtu alimfunza hivyo shuleni. Sheria inasema usibeti kabla ya miaka 18, lakini nilipofika 18 hakuna aliyenionyesha hesabu. Nilionyeshwa tu bonasi ya kukaribishwa.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Huhitaji hata boksi lote. Tafuta kipande cha mbao na msasa, uchonge dadu moja, uirushe mara 120 ukiandika. Ukimaliza, angalia daftari lako, kisha angalia meseji zako za M-Pesa. Halafu uniambie kama bado unataka kurusha dadu iliyochongwa na mtu mwingine.