Bendi zetu hazifi kwa njaa, zinafia mazoezini

Wadau wangu, leo nina la moyoni na silimung'unyi. Kila ukigeuka huku kwetu, iwe Temeke, Mbagala, Kinondoni au Manzese, unasikia kuna bendi mpya imezaliwa. Jina kali, picha za miwani myeusi Instagram, grupu la WhatsApp lina watu 17 wakati wapigaji ni saba. Subiri miezi sita. Kimya. Ukiuliza unaambiwa "tulikosa sapoti", "serikali haitujali", "watu siku hizi wanataka singeli tu". Jamani, tuache kudanganyana. Hizi bendi zinakufa mapema sana, kabla hata mtu wa kuzinyima sapoti hajazisikia. Zinafia kwenye mazoezi.

Kuna bendi moja Temeke, jina silitaji, wenyewe wanajijua na najua wanasoma hapa. Mazoezi yao ni Jumamosi saa nane mchana. Bosi wa bendi anapiga solo, na ndiye mwenye vyombo: gita, spika, maiki, dramu, vyote vyake. Anafika saa kumi. Ananukia marashi, funguo ya chumba anaizungusha kidoleni. Wenzake wamekaa juu ya matofali nje toka saa nane. Hakuna pole, hakuna samahani. Anafungua, anatyuni gita nusu saa, halafu anaanza kupiga vile vipande alivyovipenda YouTube. Mpiga dramu anaingia, besi inaingia, kila mtu anapiga anachokijua kwa sauti ya juu kabisa. Waimbaji wanapiga kelele kama makonda wa Mbagala Rangi Tatu. Saa kumi na mbili mwenye nyumba anagonga ukuta, watu wanatawanyika. Nyimbo zilizokamilika: sifuri.

Halafu wanapiga selfi na kuandika "kazi kazi". Kazi gani sasa?

Tupige hesabu kidogo. Watu sita wakimsubiri mtu mmoja saa mbili, hizo ni saa 12 za maisha ya watu zimeliwa kwa siku moja. Mwezi wenye Jumamosi nne ni saa 48, yaani siku mbili nzima, usiku na mchana, za kukaa juu ya tofali. Na anayeumia siyo bosi. Anayeumia ni yule dogo wa tumba anayebeba mizigo sokoni. Jumamosi ndiyo siku ya hela kwake, lakini ameiacha, amepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kila dakika ya kuchelewa ya bosi inalipwa na nauli ya dogo. Mimi naita wizi, na kama kuna anayeona neno kali anitafutie lingine.

Siku dogo akichoka haagi. Anaacha tu kujibu meseji. Bosi anasema kwenye grupu "vijana wa siku hizi hawana nidhamu". Ebo!

Najua utetezi unaokuja: "Lakini vyombo ni vyake, tutafanyaje?" Haya, tukumbushane historia ya mji huu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa na vyombo vilikuwa vya chama, siyo vya mpiga solo. Bendi hiyo ikaja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na ndiyo Msondo Ngoma tunayoijua. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, Sikinde wenyewe, na Muhidin Gurumo alikuwa mmoja wa waliotoka JUWATA kwenda kuisimamisha. Sasa jiulize: waliondoka na nini? Magita ya chama yalibaki kwa chama. Walichoondoka nacho kilikuwa kichwani na vidoleni, na kule wakaunda bendi iliyotikisa nchi. Muziki ni watu waliozoeana kupiga pamoja. Spika unaweza kukodi. Kuzoeana hakukodishwi.

Na usikilize zile nyimbo zao vizuri, siyo kwa kupita tu. Gita la solo linaongea, ridhimu inajibu, gita la pili linajaza katikati, matarumbeta yanasubiri zamu yao. Ikifika chemko wote wanabadilika kwa pamoja kama mtu mmoja. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ule mpangilio haupatikani kwa kila mtu kupiga anachojua.

Sasa nyie wachanga mnaoanza, sikilizeni, na hii ni bure.

Mazoezi ya bendi siyo mahali pa kujifunza wimbo. Wimbo unajifunza kwenu, na simu yako. Mazoezi ni ya kuunganisha. Kiongozi Jumatano aweke kwenye grupu nyimbo tatu, tatu tu, na aandike ufunguo wa kila moja na nani anaimba ubeti gani. Anayekuja Jumamosi hajasikiliza aambiwe ukweli mbele ya wote, hata kama ndiye mwenye vyombo. Hasa kama ndiye mwenye vyombo.

Siku ya mazoezi, saa ya kwanza iwe ya besi, dramu, tumba na ridhimu peke yao. Waimbaji waje baadaye, waache kukaa wanachati. Msingi ukikaa sawa, anayeimba juu yake anastarehe. Msingi ukiyumba, hata ukimleta mwimbaji wa mbinguni ataonekana kachanganyikiwa.

Mkikosea, simameni. Chukueni kipande hicho tu kilichoharibika, kipigeni polepole mara nne tano, kisha kiunganisheni na kinachokitangulia. Ugonjwa wa bendi zetu ni kwamba mkikosea katikati mnarudi mwanzo. Kwa hiyo ubeti wa kwanza mmeupiga mara 40 na chemko mara mbili. Ndiyo maana mnauanza wimbo kama mabingwa na kuumaliza kama daladala iliyokatika breki.

Sauti punguzeni. Kama unapiga na humsikii anayeimba, tatizo ni wewe, siyo maiki. Hii vita ya solo anaongeza, kinanda anaongeza, besi anaongeza, ndiyo inayowafanya majirani wawaite mjumbe. Na umeme ukikatika msikimbilie kwenda kupiga stori kwa muuza chipsi. Hapo ndipo pa kufanya sauti za waimbaji, gita kavu na makofi ya mapajani. Bila umeme kila kosa linasikika, ndiyo raha yake.

Wekeni simu moja pembeni irekodi. Siyo ya kupost. Ni ya kusikiliza kwenye daladala mkirudi, kila mtu ajisikie alivyoharibu. Kurekodi hakubembelezi mtu.

Dakika 20 za mwisho pigeni nyimbo zote tatu mfululizo bila kusimama, hata mkikosea. Kwenye send-off ya watu hamtasimama mkasema "samahani wageni waalikwa, tuanze tena". Zoeeni kukosea na kuendelea.

Kuna watakaosema mimi mnoko, "sisi tunapiga kwa kujifurahisha". Sawa. Lakini hata ndondo ya mtaani, wanaocheza kwa kujifurahisha, mchezaji akija dakika ya 60 anakuta nafasi yake kapewa mwingine. Na ni furaha gani hiyo ambayo mmoja anafurahi na sita wanasubiri? Tena ukiangalia vizuri, wanaosema "tunajifurahisha" ndio haohao wanaolalamika hawaitwi kwenye shoo. Mwenye baa siyo mjomba wako. Akimwita DJ na laptop analipa mtu mmoja na muziki unaanza saa ileile. Akiwaita nyie analipa watu saba, anawapa na soda, halafu mnatyuni magita mbele ya wateja. Ungekuwa wewe ungemwita nani? Singeli haijawaua. Singeli inafika kwa wakati.

James Brown kule Marekani alikuwa anawapiga faini wanamuziki wake kwa kuchelewa na hata kwa kukosea noti. Mimi siwaambii mfanye vile, maana huku faini ingemwangukia dogo wa tumba ambaye hana hata buku. Lakini naleta pendekezo: anayechelewa awalipe nauli wote waliomsubiri. Wote, papo hapo, kabla hajagusa chombo. Tuone kama bosi atafika tena saa kumi.

Akigoma? Mwachieni vyombo vyake. Nasema kweli kabisa. Chukueni gita moja kavu la kuazima, tumba na sauti zenu, kaeni uani kwa mmoja wenu mfanye nyimbo tatu mpaka ziive. Siku mkipata shoo mtakodi vyombo vya siku moja mkatane kwenye malipo. Bosi abaki na chumba chake na spika zake, apige solo mpaka kuta zimpigie makofi.

Na wewe dogo wa tumba, kama unasoma hii ukiwa juu ya tofali, angalia saa. Nusu saa ikipita, inuka nenda zako. Na uwashike mkono wenzako watano mwondoke pamoja, maana bendi ndiyo nyie.

Haya, wenye vyombo karibuni hapo chini mnitukane. Ila njooni kwa wakati.