Dizaina, Kabla Hujabadilisha Laptop Nunua Kitabu

Kuna msanii mmoja (jina tuliache, mnamjua) alitoa kava la ngoma yake mpya, na halikumaliza hata nusu siku mtandaoni. Watu wakaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, kava lake na posta ya filamu ya nje, komenti zikawa vita. Msanii akafuta. Menejimenti ikasema ni kosa la dizaina. Dizaina mwenyewe, dogo ambaye nimeshakaa naye meza moja, akazima simu siku tatu.

Wengi walimwita mwizi. Sawa, aliiba, sitamtetea. Ila mimi namjua yule dogo, programu zote ziko kiganjani. Mwambie amkate mtu atoke kwenye picha, anamaliza wewe bado unaongea. Sasa muulize kwa nini jina la msanii kaliweka juu kushoto. Atakujibu "limependeza tu bro". Kichwani hana pa kuchota, anachota Pinterest, na Pinterest inatunywesha wote kisima kimoja. Siku mteja anataka kazi usiku huohuo, unafanyaje? Unakopi.

Najua mtaniambia mafunzo yako YouTube bure, vitabu bei mbaya halafu Kiingereza kitupu. Ni kweli kabisa. Lakini nimeangalia video miaka na miaka na nilichopata ni kujua nibonyeze wapi. Kujua kwa nini nabonyeza nilianza kukupata siku niliposoma *The Non-Designer's Design Book* cha Robin Williams, cha mwaka 1994. (Siyo yule mchekeshaji wa Hollywood, huyu ni mama.) Kiingereza chake chepesi na mambo makubwa ni manne tu, likiwemo hili la ukaribu: vitu vinavyohusiana vikae pamoja. Angalia flaya za shoo za mjini. Tarehe iko juu, ukumbi chini, kiingilio kimebanwa nyuma ya kiatu cha msanii. Mtu anatafuta bei kama anatafuta funguo gizani. Hilo kosa unalirekebisha jioni moja na laptop hiyohiyo unayoilalamikia.

Kile cha Josef Müller-Brockmann kuhusu gridi, *Grid Systems in Graphic Design*, cha 1981, ndicho kila mtu anakipiga picha na kikombe cha kahawa pembeni. Tuwe wakweli, wengi hamjakifungua. Mimi nimelala nacho usoni mara nyingi tu. Ni kizuri, ila usianze nacho, utachukia kazi. Kilichonifungua macho kuhusu mpangilio kilikuwa kabatini kwa bibi yangu: khanga. Pindo linazunguka pande zote, mji katikati, jina linakaa upande wa chini juu kidogo ya pindo, herufi kubwa, kila mtu anajua pa kusoma. Michoro inabadilika kila siku, mpango uko palepale. Baada ya hapo yule mzee wa Uswisi alianza kueleweka.

Wachoraji, najua mnahisi mmesahaulika. *Figure Drawing for All It's Worth* cha Andrew Loomis kilitoka 1943 na mpaka leo sijaona kinachokipita kwa mwili wa binadamu. Urefu anaupima kwa vichwa, mtu wake wa mfano ana vichwa vinane. Wanaume na wanawake wake wote wamekaa kama matangazo ya Marekani ya enzi hizo, kwa hiyo chukua vipimo, watu kawachore kwenye daladala. Ukishajua kusimamisha mtu, ingia *Understanding Comics* cha Scott McCloud, 1993. Jamaa anaeleza komiki kwa komiki. Sehemu anayoongelea ile nafasi tupu kati ya kiboksi na kiboksi, kwamba hapo msomaji ndiye anamalizia tukio kichwani, niliisoma mara tatu nikiwa kituoni na gari nikaliacha lipite.

Ninachokitaka kuliko vyote sina: *Afrikan Alphabets* cha Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, cha 2004. Niliwahi kukishika kwa mtu dakika kumi. Mwandiko wa Wabamum wa Kameruni, Vai, Nsibidi, vyote mle ndani. Halafu sisi mteja akisema anataka kitu cha "Kiafrika" tunamwekea ramani ya bara, mbuyu na jua la machungwa. Hii inaniuma binafsi, kwa sababu nembo ya kwanza niliyolipwa ilikuwa na mbuyu.

Nembo ya pili sikulipwa. Mteja aliniambia "nitakucheki", duka likafunguliwa, nembo yangu iko ukutani mpaka leo na mimi napita hapo na boda. Sikuwa na mkataba wala advansi. Kama ningekuwa nimesoma *Design Is a Job* cha Mike Monteiro mapema, ningejua kwamba kudai hela na kuandikishana ni sehemu ya kazi, siyo roho mbaya. Cha 2012, chembamba, mifano ni ya Marekani lakini mteja msumbufu ni yuleyule.

Sasa najua mnachosubiri: "kaka tupia PDF". Hapana. Hatuwezi kumsulubu dogo kwa kukopi posta halafu sisi tunagawana kitabu cha mtu kwenye magrupu bila hata aibu. Mchangishane watu wanne, kitabu kizunguke. Pita kwa wale wa vitabu vya mitumba Posta, chimba. Nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, kaa usome.

Yule dogo amewasha simu, ameniomba cha Robin Williams. Nimempa, kava limelegea, kurasa zina madoa ya chai. Na kama kuna mtu ana *Afrikan Alphabets* anauza, aniachie komenti hapo chini. Kitabu chenyewe lakini.