Ni Ndege Nzuri, Kama Hauko Chini Yake

Nikiri mapema: mimi ni mmoja wao. Jumapili jioni, kwenye balkoni ya ghorofa ya tano hapa Kahawa Wendani, nguo za majirani zikitudondoshea maji kichwani, tunakaa wasee wanne tukizunguka simu moja kuangalia ndege za kivita za Wajerumani zikiruka tena. Messerschmitt 109 naijua kuliko ninavyoujua ukoo wangu. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 1935. Ziliundwa karibu 34,000. Injini yake ya silinda 12 imepinduliwa, miguu juu kichwa chini, na magurudumu yake yamekaribiana sana hadi marubani wengi waliumia wakipaa au kutua tu, adui hata hajaonekana. Naweza kukusimulia habari za "Black 6" bila kupumua: ilitekwa Libya mwaka 1942, ikaishia Uingereza, watu wakaihangaikia karibu miaka 19, ikaruka Machi 1991, ikaanguka Duxford Oktoba 1997. Rubani alipona. Mimi nilipoiona video ya ajali, miaka mingi baadaye, niliomboleza ndege.

Sasa, mwaka jana shosho alikuja kutoka Nyeri kuonwa na daktari, akakaa kwangu wiki mbili. Jumapili moja beshte yangu akaunganisha simu na spika, sauti juu kabisa, ili tuisikie injini "inavyoimba". Shosho akatoka ndani, akasimama mlangoni na leso yake mabegani.

"Zimeni hiyo."

Hakusema tupunguze. Tukazima. Baadaye, chai ikiwa mezani, nikamuuliza kama kelele ilimsumbua. Akanijibu, "Sisi tukisikia hiyo sauti hatukuwa tunaangalia juu, kijana." Kisha akauliza kama sukari imeisha.

Haikuwa Messerschmitt iliyopita juu ya utoto wake. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, jeshi la anga la Uingereza lilitumia Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani, kuangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Zilikuwa zikirukia Mweiga, hapo karibu na Nyeri. Lincoln, zile kubwa za injini nne, zilipaa kutoka Eastleigh, uwanja ambao leo ni kambi ya jeshi letu la anga. Hata mtaa wetu haukuwa mbali na hayo mambo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, jirani yetu, kilianzia kwenye kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer Barracks. Nimepita pale kwa matatu miaka kumi na sikuwahi kulijua hilo jina. Lakini niulize rangi ya pua ya 109 za mwaka 1940. Ni njano.

Beshte yangu ana jibu, na najua wengi wenu mnalo: chuma ni chuma, msituletee siasa. Ndege haina hatia, ni kazi ya mikono ya mafundi.

Sawa. Basi tuongee kuhusu mikono. Vita vilipokolea, kampuni ya Messerschmitt iliundiwa sehemu za ndege na wafungwa wa kambi za mateso, Gusen na Flossenbürg, watu waliokuwa wakifa kwa njaa na kipigo karibu na mashine zenyewe. Anayefufua ndege ya aina hii leo anaweza kutumia miaka mingi kutafuta ribiti sahihi, saa sahihi ya dashibodi, rangi ya kijivu iliyo sahihi. Atakwambia nani aliirusha, tarehe gani, na aliangusha ndege ngapi, kwa sababu alama zimechorwa upya kwenye mkia. Muulize nani aliipiga ribiti. Hapo ghafla historia inakuwa siasa.

Hapo ndipo ninapogombana nao, na nikiwemo mimi. Mtu akiniambia ndege ni chuma tu, asinichoree jina la rubani ubavuni. Huwezi kuchukua ushujaa wa aliyekaa juu ukaacha mabomu, halafu ukasema umerudisha kitu kama kilivyokuwa. Tarehe 26 Aprili 1937, 109 zilikuwa angani zikisindikiza ndege zilizouteketeza mji wa Guernica, Uhispania, siku ya soko. Hiyo nayo ni sehemu ya ndege, kama propela ilivyo sehemu ya ndege.

Sisemi zisirushwe. Ningekuwa mnafiki, kesho ikitua Wilson nitakuwa kwenye ua wa nyaya tangu alfajiri. Ninachotaka ni kwamba yule anayeshika maikrofoni kwenye maonyesho, anayetutajia nguvu za farasi na kasi, ataje Gusen kwa sauti ileile. Na sisi wa huku, tunaojua Duxford na hatujui Mweiga, tuache kujifanya huu ni mchezo wa Wazungu na vita vyao, eti sisi ni watazamaji tu.

Jumapili iliyofuata, shosho akiwa amerudi nyumbani, nilimwomba beshte atafute Harvard. Zimejaa. Ziko nyingi zinazoruka bado, zimepakwa njano, zimeng'arishwa, watu wameketi kwenye viti vya kukunja na watoto mabegani. Mlio wake ni wa kukwaruza, mkali kuliko wa 109, kwa sababu ncha za propela hukaribia kasi ya sauti. Watazamaji walipiga makofi. Manze, ilikuwa nzuri, sitawadanganya. Tuliiangalia mara mbili, sauti tukiwa tumeizima.