Kitafunwa cha safari: Mfikirie mdogo kuliko wote mtumbwini

Desemba mkoani Kagera ni mwezi wa safari za majini. Shule zimefungwa, ndugu wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wamerudi nyumbani, na senene wameanguka. Familia za Bilele na mitaa mingine ya Bukoba hupanda mitumbwi ya injini kwenda kutembea Musira, kisiwa cha mawe kinachoonekana wazi kutoka ufukweni mwa mji. Upande wa Muleba, wengine huvuka Ziwa Victoria kwenda kuwaona babu na bibi katika visiwa kama Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba na Mazinga.

Katika safari hizo kuna mfuko ambao watoto huanza kuuulizia hata kabla injini haijawashwa. Ni mfuko wa vitamu: senene waliokaangwa na vitunguu, karanga, maandazi, kashata, ndizi za kuchoma, na pipi zilizonunuliwa dukani kwa ajili ya siku hiyo tu. Nyumbani vitu hivyo huliwa kila mtu kwa wakati wake. Mtumbwini haiwezekani. Watu wamekaa goti kwa goti, na mtoto wa jirani anaona kila kinachoingia kinywani mwa mwenzake. Anayefungua mfuko ni lazima agawe, na kwa malezi ya Kihaya kula peke yako mbele ya watu ni aibu kubwa.

Huo ni utamaduni mzuri na haufai kuachwa. Tatizo ni kwamba wazazi wengi hupakia mfuko kwa kumfikiria mtoto wao wa miaka tisa, halafu katikati ya ziwa yule mtoto wa miaka tisa, kwa moyo mwema kabisa, anamwekea karanga mkononi mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekaa mbele yake. Hospitali iko nchi kavu, na nchi kavu iko mbali. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mfuko wa safari ni hii: pakia ukijua kuwa kila kilichomo kinaweza kufika kinywani mwa mdogo kuliko wote chomboni.

Vinavyopalia

Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, na meno ya kusaga huwa hayajatimia. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vya muwa vinaweza kuteleza na kuziba njia hiyo. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga au kokwa nyingine zikiwa nzima. Mtumbwini hatari huongezeka kwa sababu wimbi moja linatosha kumshtua mtoto akiwa na kitu mdomoni, akavuta pumzi badala ya kumeza.

Senene nao wanahitaji uangalifu. Ni chakula chenye lishe kubwa. Theluthi moja au zaidi ya uzito wao wakiwa wakavu ni protini, na mafuta yao ni mengi. Lakini miguu yao ya nyuma ina miba midogo inayokwaruza koo. Waliosafishwa vizuri, bila mbawa wala miguu, wanafaa kwa mtoto mkubwa anayetafuna vyema. Kwa mdogo, ni bora wasagwe na kuchanganywa katika chakula laini nyumbani, si kuliwa wazima safarini.

Si lazima mfuko uwe wa huzuni. Ndizi mbivu, parachichi, maandazi laini, viazi vitamu vilivyochemshwa na embe lililokatwa vipande vyembamba huliwa na wakubwa na wadogo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita abaki kwenye maziwa ya mama pekee. Asali, hata kidogo kwenye ncha ya kidole, asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyozalisha sumu tumboni mwake.

Chumvi, kiu na maji ya ziwa

Senene hukaangwa na chumvi, na karanga nyingi za kununua zina chumvi pia. Mtoto akila viganja viwili juani, atasikia kiu ndani ya muda mfupi. Chupa ya maji ikiwa imekwisha, atafanya kinachoonekana rahisi zaidi: atainamisha mkono pembeni mwa mtumbwi na kuchota.

Maji ya Ziwa Victoria yasiyotibiwa yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kichocho nacho kipo katika mwambao wa ziwa, na chenyewe hakisubiri mtu anywe, kwani huingia kupitia ngozi ya anayekanyaga au kuoga kwenye maji yenye konokono wanaokisambaza. Kwa hiyo anayebeba kitafunwa chenye chumvi abebe na maji ya kutosha, yaliyochemshwa au kutibiwa kwa dawa, na yazidi kidogo mahitaji ya familia yake. Ukimgawia mtoto wa mwenzio senene bila maji, umemgawia na kiu.

Kuna pia suala la mikono. Watoto waliogusa kamba za mtumbwi, samaki na maji ya sakafuni ndio hao hao wanaochovya vidole kwenye bakuli moja. Chupa ndogo ya maji safi na kipande cha sabuni huondoa tatizo hilo. Kama haiwezekani, mtu mmoja mwenye mikono safi ndiye agawe kwa kijiko.

Kilichopikwa asubuhi

Safari za visiwani huanza mapema, na chakula hupikwa usiku au alfajiri. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Juani mtumbwini hata muda huo si wa kuchezea. Samaki wa kukaanga, nyama, mayai, wali na vyakula vyenye maziwa viliwe mwanzoni mwa safari au visibebwe kabisa kama mwendo ni mrefu. Vikavu kama maandazi, visheti na chapati, pamoja na matunda yanayomenywa hapo hapo, ndivyo vinavyostahimili.

Karanga au senene wakavu waliohifadhiwa tangu msimu uliopita wakaguliwe kabla ya kupakiwa. Wenye ukungu, harufu ya kuchacha au rangi iliyobadilika watupwe. Ukungu huo unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga upya hakuiondoi.

Kwa wanaopatwa na kichefuchefu majini, vyakula vyenye mafuta mengi huongeza shida. Mtoto wa aina hiyo apewe kitu kikavu na kidogo kidogo, naye aketi akitazama mbele. Senene wake watunzwe hadi mguu ukanyage mchanga.

Kahawa si ya watoto

Kwenye safari za wazee wa Kihaya haikosekani kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha kukaushwa. Kumpa mgeni kahawa ni kumkaribisha, na mtumbwini kifurushi hupita mkono hadi mkono. Kahawa ya robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa mtoto ina hatari mbili, kwa kuwa punje ni ngumu na zinapalia, na kafeini humfanya ahangaike mahali ambapo anatakiwa kutulia. Mjamzito naye apunguze. Kifurushi kinapopita, mzee anaweza kuombwa kwa heshima akiruke kiti cha watoto, na hakuna atakayeona amevunjiwa adabu.

Uliza kabla ya kugawa

Wapo wazee wanaosimulia zama ambazo wanawake walikusanya senene, wakawasafisha na kuwakaanga, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwala. Leo mezani hakuna ubaguzi huo. Hata hivyo, si kila anayekataa senene anaringa. Baadhi ya watu wana mzio, yaani aleji. Mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika pia na senene, kwa kuwa protini zao zinafanana. Midomo kuvimba, upele wa ghafla, kutapika au kupumua kwa shida baada ya kula ni dalili za hatari, na chombo kinapaswa kuelekea haraka mahali penye huduma ya afya.

Hivyo kabla mtoto hajagawa, afundishwe swali moja la kumwuliza mzazi wa mwenzake: “Shikamoo mama, naweza kumpa?” Ni adabu, na ni kinga. Mama naye awe huru kusema hapana, na anayekataliwa asinune. Vitamu vikiwa vichache kuliko watoto, vikatwe vipande nyumbani kabla ya safari. Mtoto akikabidhiwa kazi ya kugawa, mwenyewe akichukua wa mwisho, hujifunza jambo ambalo maneno matupu hayalifundishi. Vilevile ugomvi wa mtumbwini ni hatari ya kweli, kwa sababu watoto wawili wanaovutana mfuko wanaweza kukiyumbisha chombo kidogo.

Kula ukiwa na jaketi

Kagera haijasahau 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha. Jaketi okozi lisifunguliwe kwa sababu ya chakula. Watoto hupenda kulilegeza ili wale kwa raha, kisha husahau kulifunga. Mfuko wa vitafunwa uwekwe karibu, si mwisho wa mtumbwi, na kitu kipitishwe mkono hadi mkono bila mtu kusimama. Ziwa likichafuka, mfuko ufungwe mpaka litulie. Makopo yenye mifuniko au majani ya migomba yanatosha kufungia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na maganda ya pipi yarudi nyumbani badala ya kuachiwa samaki.

Mtoto akipaliwa

Kama anakohoa kwa nguvu na anatoa sauti, mwache akohoe huku mkimwangalia. Asipigwe mgongo wala asipewe maji. Kama hawezi kulia, kuongea wala kupumua, chukua hatua mara moja ukiwa umekaa au umepiga magoti, na abiria wengine wabaki mahali pao ili mtumbwi usielemee upande mmoja.

Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kisha ageuzwe na kubonyezwa kifua mara tano kwa vidole viwili, katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele na kupigwa mgongoni mara tano. Isipotoka, mkumbatie kwa nyuma, weka ngumi juu ya kitovu na kuvuta kwa ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu hadi kitoke. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, kwa sababu unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze na kuanza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku nahodha akielekea ufukwe wa karibu. Hata akipona pale pale, apelekwe kituo cha afya akaangaliwe, hasa kama ulimbonyeza tumbo au kikohozi kinaendelea.

Mambo haya hujifunzwa kabla ya safari. Zahanati ya karibu inaweza kumwonyesha mzazi kwa mikono, na dakika chache za kujaribu kwa mto wa kulalia zinasaidia kuliko kukumbuka maandishi katikati ya mawimbi.

Wahenga walisema kizuri kula na mwenzio. Usiku wa kuamkia safari, mfuko ukiwa mezani, mzazi autazame mara moja zaidi na kujiuliza: mwenzio mdogo kuliko wote ataweza kula nini humu? Kama jibu halipo, bado kuna nafasi ya kuongeza ndizi mbivu.